Hema la Dada Lisilo na Mlango

Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Hapana, nisiwadanganye: tisini na saba ndio mwaka niliong'olewa meno ya mbele, na asubuhi ile kisiwani nakumbuka nilitafuna nazi kavu kwa meno yangu mwenyewe. Basi tuseme tisini na sita. Mpwa wangu hushikilia kwamba ni tisini na tano, lakini yeye siku hiyo alikuwa analia, na mtu anayelia hashiki tarehe.

Nataka kusimulia habari za dada yangu mkubwa. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, yule aliyesoma hadi darasa la nne, la tano akaliona kupitia dirisha, kisha akaanza kutembea: mara nauza vioo na vitana, mara utingo, mara mlinzi wa ghala. Kila niliporudi kutoka huko nilikokuwa, mlango wa kwanza kubisha ulikuwa wa dada. Hakuwahi kuniuliza nimeleta nini. Aliniuliza nimekula lini.

Kazi yake ilikuwa kushona na kukodisha mahema ya shughuli. Watu walimwita Mama Mahema, hata wale wasiojua kama ana mtoto. Ukiingia kwake, chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani kubwa ya kushonea turubai imekaa katikati kama mwenye nyumba, nguzo za chuma zimeegeshwa ukutani, vigingi vimejaa kwenye ndoo za rangi, na viti vya plastiki vimepandana mpaka vinakaribia dari. Harufu ya humo ilikuwa ya nta na kitambaa kilichopigwa jua. Ili ufike chumba cha kulala ilibidi uruke kamba, na dada aliziruka huku amebeba chai bila kumwaga hata tone.

Aliijua kazi yake kama unavyojua njia ya chooni kwako gizani. Mteja akifika mlangoni, kabla hajasalimia, dada alikwisha kujua amekuja kwa harusi au kwa msiba. Wa harusi, alisema, huingia moja kwa moja na kuanza kuchagua rangi. Wa msiba husimama mlangoni akitazama viatu vyake. Hema la harusi dada alilivalisha vitambaa na utepe nguzo zote. La msiba aliliacha lilivyo, jeupe, tupu. Na yote mawili aliyaacha wazi upande wa mbele, maana mgeni hapigi hodi kwenye shughuli.

Sasa, jambo moja kuhusu dada ambalo sisi wa nyumbani tulilijua na hatukulisema: hakuwahi kulala peke yake. Tulizaliwa wengi, tukalala mkeka mmoja tumepangwa kama dagaa. Kutoka mkekani akaolewa na shemeji yangu, dereva wa lori la maji, mtu mnene mwenye mkoromo wa lori hilo hilo. Dada alisema mkoromo ule ndio uliokuwa unambembeleza. Kisha wakaja watoto, wakalala katikati. Shemeji alipofariki, dada akamchukua mjukuu wa kike alale naye. Mjukuu naye akakua, akaenda shule ya bweni. Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia dada.

Aliwasha taa usiku kucha. Aliwasha redio. Alfajiri majirani wakawa wanaisikia cherehani inakwenda, na mchana wanamwona anasinzia kwenye rundo la turubai na sindano mkononi. Siku moja shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ikamwingia kwenye kiganja. Habari zikamfikia mwanawe wa kwanza, huyu mpwa wangu, aliyekuwa karani wa ofisi ya maji katika mji mkubwa. Akaja.

Mpwa wangu si mtu mbaya. Ni mtu wa shati la kuchomekea na kuuliza mambo mara mbili. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaeleza taratibu kwamba chumba cha mama kiko tayari, feni ipo, wavu upo dirishani, na mkewe ameridhia. Mimi nilikuwa pembeni nakula, kwa hiyo nilisikia yote. Dada alimwacha amalize. Alijua maana ya maneno yale: cherehani iuzwe, mahema yauzwe, nyumba ipangishwe, na yeye akakae kwenye sebule ya watu akingoja kuulizwa kama ameshiba.

"Mama, wewe huwezi kulala peke yako," mpwa wangu akasema mwishowe. "Hata wewe unajua."

Dada akakata uzi kwa meno. "Nipe usiku mmoja. Nikilala mpaka asubuhi, neno la kuhama lisitajwe tena. Nikishindwa, nitafunga mizigo mwenyewe, na cherehani nitaibeba kichwani mpaka sokoni."

Mwanawe akasema usiku wa pale nyumbani hauhesabiki, maana ukuta wao na wa jirani ni mmoja. Hilo lilikuwa kweli. Jirani alikuwa fundi saa mwenye kifua kibovu, na kila alipokohoa dada alimwitikia "pole" kutoka kitandani, naye fundi saa akajibu "nimeshapoa, mama", mpaka kuche. Dada akasema basi atatafuta mahali pasipo na ukuta. Mpwa wangu akadhani ni utani, akala, akaondoka na basi la jioni.

Haukuwa utani. Zamani kidogo wapima ardhi walikodi hema kwake wakaenda nalo kisiwani. Waliporudisha, mishono ilijaa mchanga mweupe kama unga, na mmoja wao alisema kule upande wa mashariki hakuna mtu, ukilala unasikia kaa wakitembea. Dada aliufagia mchanga ule karakanani kwa muda mrefu, na nadhani alifagia akiwaza. Sasa akaniambia, "Mdogo wangu, wewe umetembea kote. Kisiwani mtu anafikaje?" Nikamwambia kuna boti ya mashine inayowapelekea maji na unga wavuna mwani wa upande wa magharibi. Mwenye boti tulimwita Kimya, kwa sababu hakunyamaza hata akinywa maji.

Akajishonea hema dogo kwa vipande vilivyobaki, vya turubai jeupe. Alipolisimamisha uani nikalizunguka, nikalisifia mshono, kisha nikamuuliza mlango uko wapi. Dada akalitazama. Lilikuwa na pande tatu tu. Mikono ilikuwa imeshona ilivyozoea.

"Sasa watu wataingilia wapi kama kuna mlango?" akaniuliza, kisha akajisikia alichokisema, akacheka mpaka akakaa chini. Nikamshauri aongeze upande wa nne. Akasema turubai limekwisha, na hata hivyo atamfungia nani huko, kaa?

Basi Kimya akampakia, yeye na hema lake, kiti kimoja, mkeka, chupa ya chai, mkate, na nyundo ya vigingi. Mimi nilibaki gatini, maana masharti yalikuwa aende peke yake. Tulikubaliana nimfuate kesho yake na boti ya kwanza. Haya yanayofuata sikuyaona. Amenisimulia dada mara nyingi, na kila mara alicheka mahali pale pale, ndiyo maana nayaamini.

Kimya alimshusha upande wa mashariki, akamwachia maneno yote aliyobaki nayo, akaondoka. Mlio wa mashine ulipopotea nyuma ya miamba, dada alisema aliingiwa na furaha ya kitoto asiyoijua ilikotoka. Akavua viatu. Maishani mwake amesimamisha mahema mengi, lakini siku zote kulikuwa na mtu kichwani pake: vuta huku, sogeza kule, mama harusi hataki jua limpige. Sasa hakuna wa kumwambia. Alilisimamisha hema akalitazama, akaling'oa, akaligeuza lielekee bahari, kisha akaling'oa tena akaligeuza lielekee minazi, na mwisho akalirudisha baharini, kwa sababu tu anaweza. Akaoga na nguo zake. Akakaa kwenye kiti chake akanywa chai akitazama wale kaa wadogo wanaobeba nyumba mgongoni, akawasalimia, akawaambia afadhali wao, wamehama na nyumba zao.

Jua lilipoanza kushuka, furaha nayo ikaanza kushuka. Akaingia ndani akatandika mkeka, akatoka. Akaingia tena. Akajitanda kanga kichwani kwa ajili ya upepo, akakaa mbele ya hema, mikono mapajani, akingoja usiku kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Aliniambia hakuogopa mnyama wala mwizi. Aliogopa ule ukimya wa pembeni yake, mahali ambapo siku zote kumekuwa na mtu anayepumua.

Hapo akasikia nyayo.

Kutoka minazini walikuwa wanakuja watu. Mbele wanawake, wametanda kanga, mmoja ana mzigo wa kuni kichwani, mwingine sufuria, mwingine mikeka kwapani. Nyuma yao wanaume wachache, mmoja ameshika sepetu. Hawakusema kitu. Walikuja kwa mwendo ule wa polepole, wakafika, wakatandika, wakaketi, wakainamisha vichwa. Mwenye kuni akazitua kando na kuanza kupanga mafiga.

Dada alilijua tukio lile kuliko mtu yeyote duniani. Amelala nalo, ameamka nalo, ndilo lililomsomeshea watoto. Kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya, na hapa ndipo anapocheka, aligeuka akatazama ndani ya hema kuona nani amekufa. La pili, alihesabu watu akaona kiti ni kimoja, akaona aibu.

Kumbe ilikuwa hivi. Wanawake wawili wa upande wa magharibi walikwenda kuokota kuni, wakaona hema jeupe, tupu, liko wazi mbele, na mwanamke amejitanda ameketi peke yake hapo mbele. Nani angeuliza tena? Wakarudi mbio kuwaambia wenzao kwamba kuna mama wa watu amefikwa na msiba upande wa pili na hana hata wa kumshika mkono. Mwani ukaachwa.

Yule mwenye kuni, mwanamke mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu wa kuagiza, dada alikuja kumwita Bi Kuni mpaka leo. Alimsogelea, akampa mkono, akaushikilia, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwili uko wapi, mwenzangu?"

Dada akasema, "Mwili ni huu wangu. Umekuja kulala."

Bi Kuni hakuuachia mkono. Alimtazama usoni kuona kama uchungu umempanda kichwani. Nyuma yake mwenye sepetu, ambaye hakusikia vizuri, akauliza kwa adabu kaburi lichimbwe upande gani, maana huku juu kuna mwamba. Dada akashindwa kujizuia. Akaanza kucheka, na kicheko kile kiliwatisha wanawake zaidi kuliko kilio, mpaka mmoja akaanza kumpepea.

Ikabidi awaeleze. Aliwaeleza yote: kazi yake, mahema ya msiba na ya harusi, marehemu mumewe na mkoromo wake, fundi saa na kikohozi, mwanawe na chumba chenye feni, na ahadi ya usiku mmoja. Akawaomba radhi kwa usumbufu. Akawasihi warudi, maana wakibaki usiku wake utaharibika, na usiku ukiharibika nyumba yake imekwenda.

Pakazuka mjadala. Wengine walisema kijana ana haki, mzazi ni wa kutunzwa. Wengine wakasema kutunzwa si kuwekwa kabatini. Mama mmoja mnene akasema mwanawe naye alitaka kumhamisha, akamjibu atahamia siku atakayomwona mwanawe anafunga mlango wa choo bila kukumbushwa, na mpaka leo bado anangoja. Mwenye sepetu alitaka kujua kama chai imebaki. Kiza kikaingia wakiwa bado wanabishana, na moto ulikuwa umeshawashwa, hakuna anayejua na nani.

Mwishowe dada akarudia ombi lake. Bi Kuni akatikisa kichwa.

"Kuni nimezibeba kichwani kutoka upande ule, sizirudishi," akasema. "Halafu kukatiza kisiwa na giza hili, nani anataka? Sikiliza. Wewe ingia ndani ulale peke yako. Sisi tutakaa huku nje, tukupe mgongo. Hatukuoni, hutuoni. Yetu ni maongezi tu."

Dada akauliza hilo litahesabikaje.

"Wa kuhesabu yupo hapa?" Bi Kuni akamjibu.

Basi akaingia, na wao wakageuka wote pamoja, migongo safu moja upande ule wa hema usio na turubai. Dada alisema alipojilaza aliiona migongo ile dhidi ya moto, akasikia wanaongea habari za mwani ulioharibika, habari za mkwe wa mtu, na yule mama mnene akicheka. Alikusudia kukaa macho kidogo akusanye fikra zake. Hakukumbuka kingine.

Mimi huku bara nilikuwa na yangu. Mpwa wangu alipigiwa simu na fundi saa kwamba mama hayupo na nyumbani kwake kuna ukimya usio wa kawaida. Alfajiri akanigongea chumbani kwangu, tai shingoni, amekuja na gari la usiku. Nilipomwambia mama yuko wapi alikaa kitandani kwangu kama gunia.

"Mjomba," akasema, "mama yangu umekwenda kumtupa?"

Nilikuwa nimekesha nikijiuliza hilo hilo. Tulikwenda gatini bila kunywa chai. Kimya akaanza kutuhadithia bei ya mashine mpya, mpwa wangu akamwomba anyamaze, na kwa mara ya kwanza nilimwona Kimya ananyamaza, jambo lililonizidishia hofu.

Tulipozunguka miamba ya upande wa mashariki tukaliona hema. Jeupe, tupu. Mbele yake wanawake wameketi safu, wametanda kanga vichwani kwa baridi ya asubuhi, wameinama. Moshi unapanda. Kando wanaume wawili wamesimama na sepetu, na pembeni yao mchanga umefukuliwa, umelala tuta refu.

Nilimtazama mpwa wangu, naye hakunitazama. Alisimama ndani ya boti, akajitupa majini na viatu vyake na tai yake. Maji yalimfika kifuani. Akawa anayasukuma kwa mikono akimwita mama, kwa sauti ambayo sikuisikia kwake tangu alipokuwa mtoto aliyeng'atwa na nyuki.

Wanawake wale wengi wao walikuwa wanasinzia. Waliposikia mwanamume analia kutoka baharini, walifanya kile ambacho watu wema hufanya: waliitikia kilio. Mmoja alianza, wote wakafuata. Mimi nikakaa chini kwenye maji ya boti nikajifunika uso. Kimya akavua kofia.

Ndipo dada akatoka hemani, anajifunga kanga, jicho moja bado limefumba.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kilio kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Hata sisi tunauliza tangu jana," akasema Bi Kuni.

Mpwa wangu alisimama maji yakiwa magotini, anamtazama mama yake, mdomo wazi. Dada akaenda kumtoa kwa mkono, akamkalisha kwenye kile kiti kimoja, akamfuta kichwa kwa ncha ya kanga huku akimgombeza kuhusu viatu. Lile tuta, tulikuja kuambiwa, lilikuwa la mfereji wa mvua. Mwenye sepetu aliona aibu kubeba sepetu umbali wote ule bila kuchimba chochote.

Walitupa uji na vipande vya nazi kavu. Tukanywa mpaka vikombe vikaisha. Kisha mpwa wangu, ambaye hata akilia huuliza mambo mara mbili, akamuuliza mama yake kama amelala. Dada akasema amelala. Akauliza kama ni mpaka asubuhi. Dada akasema yeye ndiye aliyemwamsha.

"Peke yako?"

"Peke yake," wakaitikia wanawake. "Sisi tulimpa mgongo."

Aliwatazama mmoja mmoja, watu wale wote. Nilingoja aseme kwamba usiku huo hauhesabiki, na kusema kweli angekuwa na haki kabisa. Dada naye alingoja. Nilimwona anashika kigingi cha hema, anakizungusha kwenye kiganja kile chenye kovu la shazia.

"Mama," akasema mpwa wangu, "nimeshakulilia. Sina nguvu ya kukuhamisha tena. Kaa kwako."

Bi Kuni akasema mtoto huyu ana akili, ni tai tu inayombana. Wakacheka. Dada hakucheka, alitikisa chupa yake ya chai, akasema imepoa.

Tulipoanza kulikunja hema Bi Kuni aliuliza tunalipeleka wapi. Akasema wao kisiwani shughuli zao zote hufanyika juani, na hema dogo lililo wazi mbele ndilo hasa walilokuwa hawana. Dada akalitazama hema lake, akachukua nyundo ya vigingi, akamkabidhi mwenye sepetu. Akamwonyesha namna ya kuifunga kamba ya kona upepo ukiwa wa kusi, na namna ya kuvalisha vitambaa wakipata harusi, maana, alisema, kwa sasa linatisha watu.

Tulirudi sote wanne. Viatu vya mpwa wangu vililia njia nzima, na Kimya akarudisha maneno yake yote na riba. Dada alikaa mbele kabisa, mkeka mapajani, uso umekunjuka kama wa mtu aliyetoka kuoga.

Hakuhama. Cherehani iliendelea kukaa katikati ya chumba, mahema yaliendelea kutoka na kurudi, na mpwa wangu akawa anakuja kila likizo na wanawe, wanalala karakanani juu ya maturubai. Taa ya dada usiku ikawa inazimwa. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu nilipokuwa mlinzi wa ghala nilipita mtaa ule usiku, na dirisha lake lilikuwa giza, na nikisimama kidogo nilisikia mkoromo, mnene, wa kurithi kwa shemeji. Wavuna mwani wakija mjini hufikia kwake. Bi Kuni hufikia na kuni, ingawa dada anapikia gesi.

Lakini mimi ni mtu wa kutembea, na anayetembea sana hubaki na jambo moja linalomsumbua njiani. Nilimuuliza dada siku moja tukiwa wawili tu, akipaka uzi nta. Aliendelea kupaka. Nilimuuliza tena mwaka mwingine, akanituma dukani. Nikamuuliza Bi Kuni, akaniambia nile. Nikamuuliza Kimya, akanihadithia habari nyingine ndefu mpaka nikasahau nilichouliza. Mpwa wangu nilimuuliza kwenye simu, akasema mtandao ni mbaya. Nami sikuwa na ubaya wowote, nilitaka kujua tu: wale watu wasingekuja, dada angepata usingizi?